Barua na Baraza

Watu wakaao mbalimbali, wakitaka kuzungumza mambo yao kwa maandishi, wana njia mbili tu. Ya kwanza ni kuandikiana barua: mmoja huandika, na maneno yake husafiri mpaka nyumbani kwa kila mwenziwe. Ya pili ni kukutana barazani: mmoja huandika maneno yake mahali fulani, na wengine wote, wakitaka kuyasoma, sharti waende mahali hapo. Kompyuta na intaneti hazikuvumbua njia ya tatu. Zimezitia mbio hizi mbili, basi. Njia ya barua huitwa orodha ya barua pepe. Anwani moja huwekwa kwa ajili ya kundi zima. Barua ipelekwayo kwa anwani hiyo hunakiliwa na kompyuta, na nakala moja hufika katika sanduku la kila mwanachama, awe Kitale au Kwale. Njia ya pili ni baraza la mtandaoni. Hilo ni tovuti yenye mlango na neno la siri, ambamo mazungumzo hupangwa chini ya vichwa mbalimbali, na kila apitaye husoma na kuongeza lake.

Imekuwa desturi siku hizi kuambiwa kwamba baraza ndilo maendeleo, na kwamba orodha ya barua ni ukongwe, kitu cha kuachiwa wastaafu. Husema hivyo mafundi wa kompyuta, husema hivyo vijana waundao vyama, na husema hivyo hata baadhi ya walimu wenzangu katika chumba cha walimu, kwa sauti ya mtu asiyetazamia kupingwa. Mimi nawapinga. Sisemi kwamba baraza halina faida. Nitazitaja faida zake mahali pake. Nasema kwamba watu wanaotaka kufikiri pamoja kwa miaka mingi, na wanaotaka yale waliyoyafikiri yabaki kuwa yao, wafanye kazi hiyo kwa barua. Na kwamba wakiweka kila kitu barazani watakuja kujuta, kama nilivyojuta mimi.

Kwanza nauondoa huo uvumi wa ukongwe. Barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine ilipelekwa na Mmarekani Ray Tomlinson mwaka 1971, na ndiye aliyechagua alama ya @ itenge jina la mtu na jina la mashine yake. Mwaka 1975 watafiti wa mtandao ulioitwa ARPANET walikuwa na orodha yao ya barua, na jambo walilolijadili humo lilikuwa ni barua pepe zenyewe. Mwezi wa Februari 1978, katika mji wa Chicago, Ward Christensen na Randy Suess walifungua baraza la kompyuta ambalo mtu aliweza kuliingia kwa simu akiwa nyumbani kwake. Walilianza wakati theluji nyingi ilipowafungia watu majumbani, wakaiga ubao wa matangazo wenye karatasi na pini. Na kwa kuwa simu ilikuwa moja, aliyeingia aliingia peke yake na wengine wakangoja zamu. Mwaka 1986 Eric Thomas, mwanafunzi huko Paris, alitunga programu iitwayo LISTSERV, iliyoandikisha na kuondoa wanachama wa orodha bila mtu kufanya kazi hiyo kwa mkono. Basi hivi ni vitu vya rika moja. Mtu amwitaye mmoja mzee na wa pili kijana hakutazama kalenda.

Sasa litazame neno lenyewe. Ukifika Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa utaona mbele ya nyumba nyingi kiti kirefu cha mawe kilichoungana na ukuta. Hilo ndilo baraza. Wazee huketi hapo jioni, hunywa kahawa, hucheza bao, hupeana habari za mji. Ni mahali pa raha, na sina neno baya la kulisema. Lakini baraza lile ni sehemu ya nyumba, na nyumba ina mwenyewe. Akitaka kulibomoa ili ajenge duka, walioketi watasimama. Akiuza nyumba, baraza huuzwa pamoja nayo, wala hakuna aulizaye wazee wale watakwenda wapi. Huku bara tunalo baraza jingine, la chifu, na hilo nalo lina mwenye kuita, mwenye kufungua na mwenye kufunga. Baraza la mtandaoni limelirithi jina hili kwa haki kabisa. Lina mwenye nyumba. Maneno unayoyaandika humo yamo katika kompyuta yake, si katika yako; na siku atakapochoka, au atakapokosa fedha, au atakapoona biashara nyingine yenye faida zaidi, maneno yako yatakwenda pamoja na ukuta wake.

Mimi niliketi juu ya baraza la namna hiyo kwa miaka sita. Tulipomaliza chuo cha ualimu mwaka 2011 tulikuwa hamsini na wanane katika darasa la Kiswahili, tukatawanywa nchi nzima. Mwenzetu mmoja aliyejua kompyuta alitufungulia baraza bila malipo katika tovuti ya kampuni ya ng'ambo. Tulifurahi sana. Kila Jumamosi niliteremka sokoni, nikaingia katika saiba iliyotoza shilingi moja kwa dakika, nikasoma yaliyoandikwa wiki ile. Mwalimu wa Kiswahili ambaye yuko peke yake katika shule yake hana wa kumwuliza. Pale barazani alikuwa na watu hamsini na saba. Tulijadili jinsi ya kufundisha ngeli darasa lenye wanafunzi sitini na vitabu tisa. Tuligombana juu ya insha, kama mtoto asahihishwe kila kosa au makosa matatu tu. Nadhani nilijifunza ualimu zaidi katika saiba ile kuliko chuoni, nami nawaomba radhi wakufunzi wangu kwa kusema hivyo.

Mwenzetu aliyepangiwa shule katika Turkana alituandikia masomo ya ushairi. Wanafunzi wake walikuwa wameshindwa kuelewa mizani. Akaacha kitabu kwa muda, akawaambia walete nyimbo walizozisikia nyumbani, zile ambazo mtu huliimbia dume lake la ng'ombe. Wakaziimba kwa lugha yao, wakapiga makofi kila silabi, wakahesabu. Na walipokwisha kuhesabu kwa makofi lugha wanayoijua, wakahamisha makofi yale yale kwenye shairi la Kiswahili, wakaona mizani kwa masikio kabla ya kuiona kwa macho. Aliandika masomo kama ishirini ya namna hiyo, moja baada ya jingine, akisema palipofaulu na palipoharibika. Aliyaandika moja kwa moja barazani, maana simu yake ilikuwa ndogo na hakuwa na kompyuta.

Mwaka 2017 kampuni ile iliamua kuifunga kazi hiyo. Ilitoa taarifa ya siku thelathini, nayo taarifa ilipelekwa kwa anwani ya yule mmoja aliyefungua baraza, anwani ambayo alikuwa ameacha kuitumia. Jumamosi moja nilikwenda saiba, nikagonga mlango, mlango haupo. Hatukuibiwa. Tulikuwa tumekubali masharti marefu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyasoma, nasi ni watu ambao kazi yetu ni kuwafundisha wengine kusoma. Mwaka uliofuata mwenzetu wa Turkana alifariki katika ajali ya barabarani. Dada yake, ambaye wakati huo naye alikuwa chuoni akisomea ualimu, alituomba masomo ya kaka yake ayatumie katika mazoezi ya kufundisha. Tulitafuta kila mahali. Tulipata manne. Manne hayo yalikuwapo kwa sababu siku fulani fulani baraza lilikuwa limekataa kufunguka, naye kwa kukosa subira akayapeleka kwa barua pepe kwa watu watatu. Na moja kati ya hayo manne si somo la ushairi, ni malalamiko juu ya chaki iliyolowa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, ila tuliliacha kwa jirani.

Usidhani, msomaji wangu, kwamba hayo huwapata walimu maskini peke yao. Mwezi wa Oktoba 2019 kampuni ya Yahoo ilitangaza kwamba yaliyowekwa katika tovuti ya makundi yake ya mazungumzo yatafutwa, na mwezi wa Desemba 2020 kazi yote ikafungwa. Makundi hayo yalikuwapo tangu mwaka 2001, ya watu wa kila aina, wagonjwa waliopeana moyo, wafugaji, watafuta nasaba za ukoo. Sasa angalia jambo moja, maana ndilo shina la hoja yangu. Makundi yale yalikuwa na pande mbili. Mwanachama aliweza kuchagua kuletewa barua zote katika sanduku lake, au kuzisoma katika tovuti. Tangazo lilipotoka, waliochagua barua walikuwa nazo tayari, hawakuhitaji kukimbia. Lakini picha, majalada na mazungumzo yaliyokaa katika tovuti tu yalilazimu watu wa kujitolea kukesha wakiyanakili kabla ya siku ya mwisho, na mengi hayakuwahiwa. Kampuni ni ile ile, kundi ni lile lile, na mwanachama ni yule yule. Tofauti ilikuwa barua.

Wapinzani wangu hujibu hapa kwamba kuhifadhi si kila kitu. Kwamba mazungumzo ni ya kutumiwa leo, na kwa matumizi ya leo baraza ni jepesi zaidi. Nawajibu kwa habari ya ProMED.

ProMED ni orodha ya barua iliyoanzishwa mwaka 1994 ili madaktari na wataalamu wa magonjwa, wa watu, wanyama na mimea, wapashane habari za maradhi mapya yanapozuka. Kila barua inayoletwa husomwa kwanza na wasimamizi wenye elimu ya jambo lile. Huuliza, hupima, huongeza maelezo, ndipo huipeleka kwa wote. Mwanzoni mwa mwaka 2003 mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko California alisikia katika ukumbi wa mazungumzo ya walimu mtandaoni kwamba katika mji wa Guangzhou, Uchina, kuna ugonjwa unaoua watu. Yalikuwa maneno ya barazani, na kama yangaliachwa hapo yangalizama chini ya maneno mengine siku hiyo hiyo. Alimwandikia daktari aliyepata kuwa jirani yake, na daktari huyo, Stephen Cunnion, akaiandikia ProMED kuuliza kama kuna mwenye habari. Barua yake ilipelekwa kwa wanachama tarehe 10 Februari 2003. Kesho yake serikali ya Uchina ililiarifu Shirika la Afya Duniani kwamba kuna wagonjwa 305 na kwamba watano wamekufa. Ndio ugonjwa ulioitwa SARS, ambao kabla haujazimwa uliwapata watu 8,096 na kuwaua 774.

Miaka tisa baadaye yalitokea mengine. Ali Mohamed Zaki, daktari Mmisri aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Jeddah, Saudi Arabia, alipata kwa mgonjwa wake kirusi ambacho hakikujulikana. Aliiandikia ProMED, na barua ikatoka tarehe 20 Septemba 2012. Wakati huo London palikuwa na mgonjwa aliyetoka Qatar, ambaye madaktari wake hawakujua kinachomsumbua. Barua ya Jeddah ilipowafikia, walilinganisha, na virusi vikaonekana kuwa ni vya namna moja. Ugonjwa huo sasa waitwa MERS. Zaki mwenyewe alipoteza kazi yake akarudi Misri, kwa hiyo usifikiri kwamba kuandika barua hakuna gharama. Na tarehe 30 Desemba 2019 orodha hiyo hiyo iliwapelekea wanachama wake habari ya homa ya mapafu isiyojulikana huko Wuhan. Unajua yaliyofuata, maana shule zetu zilifungwa mwezi wa Machi 2020.

Jiulize kwa nini barua ilifaulu. Daktari wa London hakuwa na sababu ya kwenda kutafuta habari za Jeddah. Hangaliingia katika baraza lolote siku ile aulize mambo ya Saudi Arabia. Alikuwa na wagonjwa wa kuwatazama. Barua ilimfuata alipo. Baraza humfaa mtu ajuaye analolitafuta, lakini mambo makubwa mengi ni yale tusiyojua kwamba twapaswa kuyatafuta. Mimi pia, Jumamosi ambazo mvua iliharibu njia, sikwenda saiba, na yaliyoandikwa wiki ile yakanipita moja kwa moja, kwa kuwa Jumamosi iliyofuata yalikuwa yamefunikwa na mapya. Barua ingalingoja.

Watu husema: lakini barua nyingi ni kero! Hili ni kweli, na si kweli kidogo. Chukua kundi la watu 200. Mmoja akiandika neno "asante" tupu, nakala 200 za neno hilo husafiri; na wote 200 wakiona ni adabu kusema asante, nakala ni 40,000. Nimepata kuona sanduku langu limefurika pole na hongera hata barua ya mwalimu mkuu ikanipotea ndani yake. Yupo pia mtu yule, na kila orodha ina wake, ambaye hutaka kumsengenya mwenziwe kwa mtu mmoja, akabonyeza mahali pasipo, na masengenyo yakawafikia wote pamoja na msengenywaji. Barua ikiisha kwenda hairudi. Dawa ya wingi ipo: mwanachama huweza kuomba aletewe barua moja kwa siku, yenye zote za siku hiyo ndani yake. Dawa ya masengenyo ni kutosengenya. Lakini naona gharama hizi zina faida yake. Ajuaye kwamba maneno yake yataingia katika nyumba 200 bila kubisha hodi, na kwamba hawezi kuyafuta, huyasoma mara mbili kabla ya kuyatoa. Barazani mtu huandika ukutani usiku kwa jina la bandia, na asubuhi hufuta, akasema hakuandika.

Sitaki kusema zaidi ya ukweli. Barua haimfanyi mtu kuwa muungwana. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alianza kutunga kiini cha mfumo wa kompyuta kiitwacho Linux, na leo kiini hicho kimo ndani ya simu za Android. Huenda simu ya mzazi wako ni mojawapo. Kazi ile imefanywa na maelfu ya watu, wengi wao hawajaonana kwa macho, nao waliifanya kwa orodha za barua. Mwenye kutengeneza sehemu fulani hupeleka kazi yake ndani ya barua, na wengine hujibu chini ya kila mstari: hapa umekosea, hapa kwa nini, hapa vema. Hakuna njia bora zaidi ya kusahihisha niliyopata kuiona, nami husahihisha kila siku. Lakini Torvalds mwenyewe alikuwa na ulimi mkali humo, hata mwezi wa Septemba 2018 akawaomba radhi watu kwa barua katika orodha ile ile, akapumzika kazi kwa muda. Ukali wake na radhi yake vyote vimehifadhiwa, kila mtu ana nakala.

Sasa nije kwenye ufunguo. Kenya tulikuwa na baraza la mtandaoni lililoitwa Mashada, na Wakenya wengi, hasa walio ng'ambo, walizungumza humo. Katika fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 matusi ya kikabila yaliongezeka humo mpaka mwenye baraza, David Kobia, akaona haiwezekani tena kuyazuia. Mwanzoni mwa mwaka 2008 akalifunga, akafungua tovuti nyingine ambayo jina lake maana yake ni kwamba mimi sina kabila. Simlaumu. Katika siku zile, mtu aliyezima moto katika nyumba yake alistahili sifa, na ujumbe wa simu na barua pepe pia vilibeba sumu ile ile. Nakuonyesha tu jinsi baraza lilivyo: mtu mmoja, kwa mkono mmoja, na safari hii kwa sababu njema, alifunga mazungumzo ya maelfu. Jirani zetu wa Tanzania wana JamiiForums, baraza lililoanza mwaka 2006, ambalo limeandika mengi juu ya mambo ya umma. Mwezi wa Juni 2018, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilipodai leseni, lilizimika kwa muda kabla ya kurudi. Safari hii mkono ulikuwa wa serikali. Nyumba yenye mlango mmoja hufungwa kwa kufuli moja, na si lazima mwenye kufuli awe mtu mwema.

Barua pepe haina nyumba moja. Kanuni za kuipeleka ziliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, zikatolewa ulimwenguni bila malipo, na ingawa zimerekebishwa tangu hapo bado ni mali ya wote. Mwenye sanduku katika kampuni moja humwandikia mwenye sanduku katika kampuni nyingine, au katika kompyuta ya chuo chake, wala haulizwi. Utaniambia kwamba masanduku yetu nayo yamo mikononi mwa kampuni. Yamo, kweli. Lakini yamo katika kampuni mbalimbali, na kila mtu aweza kuteremsha barua zake katika kompyuta yake akaziweka. Ili kundi la watu mia lipoteze kumbukumbu zake zote, masanduku mia yapotee kwa pamoja.

Hoja ya wapinzani iliyo na nguvu kuliko zote ni ya mgeni. Ajiungaye na orodha leo hupata barua za leo na za kesho, hapati za jana. Lakini aingiaye barazani husoma tangu neno la kwanza, hata kama hakujiunga. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kundi lisilo na mahali pa kumketisha mgeni litazeeka na kufa pamoja na waanzilishi wake. Nakubali. Kwa sababu hii orodha nzuri huwa na kabati la barua zake zote, lililo wazi kwa mgeni katika tovuti, na tangu zamani LISTSERV iliweza kuziweka barua hivyo. Hapo tovuti inafanya kazi yake ya haki: ni kabati la nakala, na likiungua, asili zipo majumbani. Nakubali pia kwamba mtu mwenye swali la mara moja, kwamba pikipiki yangu haiwaki nifanye nini, hana haja ya kujiandikisha katika orodha yoyote. Aende barazani, aulize, apate jibu, aondoke. Huyo si mwanachama, ni mpita njia, na mabaraza yamejengwa kwa ajili ya wapita njia.

Na makundi ya WhatsApp, ambayo ninyi na wazazi wenu mmo ndani yake usiku na mchana? Hayo yamechukua kasoro za pande zote mbili. Yanakufuata ulipo kama barua, lakini maneno yake ni mafupi na ya haraka kama ya barazani. Na anayetoka humo hawezi kuhamisha mazungumzo kwa kampuni nyingine na wenzake wakaendelea kumwandikia, kwa kuwa nyumba ni ya mwenyewe mmoja. Yafaa kwa tangazo la harambee na habari za msiba. Nimejaribu kujadili humo ufundishaji wa insha. Nilijibiwa kwa picha ya kidole gumba.

Kundi letu la walimu lilianza tena mwaka 2018, kwa orodha ya barua. Tumebaki arobaini na mmoja. Kompyuta inayonakili barua zetu si yetu, nasi twajua hivyo. Ikifungwa, tutahamisha anwani arobaini na moja kwingine, na yaliyokwisha kuandikwa yatakaa yalipo. Kanuni zetu ni chache: kichwa cha barua kiseme jambo lililomo, asante ipelekwe kwa mmoja, na masomo yaandikwe ndani ya barua yenyewe. Dada yake mwenzetu wa Turkana sasa ni mwalimu, naye ni mwanachama. Mwezi uliopita aliuliza kama yupo anayekumbuka jinsi kaka yake alivyohesabu makofi pale silabi inapokuwa na irabu mbili zinazofuatana. Majibu saba yamefika mpaka leo, na mawili kati ya hayo yanapingana.